Shajara ya mradi: isotoniki kwenye glasi, kwenye mkono na kwenye embaire

Mwanzo wa kazi

Naanza kuandika humu ili watu wa kikundi wasome wenyewe waache kunipigia simu kila jioni kuuliza tumefika wapi. Mradi ni wa maonesho ya sayansi ya vijana hapa Walukuba, Jinja, kila kikundi kinapewa meza moja na kitambaa, mengine mtajua wenyewe. Wengi wanaleta sola, kuna wale wa volkano ya magadi na siki kama kawaida, na sisi tumechagua neno. Neno moja tu, isotoniki. Ukisema hivo watu wanacheka lakini ngoja kwanza.

Ubishi ulianzia kwenye chupa ya kinywaji cha wanamichezo, imeandikwa isotoniki kwa herufi kubwa. Mwalimu wetu wa kemia akasema maana yake ni mmumunyo ambao ukikutana na damu hauvuti maji wala hausukumi maji. Jamaa yetu wa gym akakataa kabisa, eti isotoniki ni zoezi la kunyanyua na kushusha, kocha wake anaitamka kila siku asubuhi. Afu mwalimu wa kwaya akaingilia kutoka pembeni kwamba hilo ni neno la muziki, ngazi ya sauti yenye hatua sawa, na nyinyi wawili mmeliazima. Walibishana mpaka chai ikapoa na hakuna aliyekosea, ndo maana nikasema hii ndo meza yetu.

Sharti tulilojiwekea ni kwamba kila kituo kiwe na kitu cha kushika. Bango la kusoma peke yake hakuna mtu anasimama, atapita tu aende kwenye volkano. Kwa hiyo vituo vitatu, glasi za viazi, mizani na mkono, na marimba. Mwalimu wa kemia ndo mkubwa wetu, anakagua kila sentensi kabla haijaenda kwenye bango, na anakagua kweli kweli.

Jumatatu, viazi

Hiki ndo kituo rahisi kuandaa na ndo chenye historia nzuri zaidi. Tumekata viazi mviringo vipande vya saizi moja, kama vidole vya chipsi, tumefuta maji kwa tishu, tumepima kila kipande kwenye mizani ndogo ya dijitali ya jikoni, tukaviweka kwenye glasi zenye lita moja kila moja, ya kwanza maji matupu, afu chumvi gramu 3, 6, 9, 12 na 20. Tukaviacha tukaenda kula. Kurudi, kile cha maji matupu kimekuwa kigumu, ukikikunja kinavunjika pap kama karoti mbichi, na kile cha gramu 20 kimelegea, unaweza kukikunja mpaka ncha zikutane na hakivunjiki. Vya katikati unahitaji mizani kuvitofautisha. Vya maji matupu na chumvi kidogo vimeongezeka uzito, vya chumvi nyingi vimepungua, na kile ambacho uzito hauongezeki wala haupungui kinaangukia mahali fulani kati ya glasi ya gramu 9 na ya gramu 12. Hapo ndo isotoniki ya kiazi. Maji yanaingia na kutoka kwenye seli kwa kiasi kilekile, hayajasimama, ila hesabu yake ni sifuri.

Mwalimu anataka watu waelewe kwamba sisi hatujabuni kitu, hii ni kazi ya Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea, Mholanzi, mwaka 1884. Yule yule ambaye mwaka 1900 alihusika kuifufua kazi ya Mendel ya urithi, watu wengi wanamjua kwa hiyo tu. De Vries hakupima uzito, yeye aliangalia seli za ngozi ya majani kwa hadubini, akiongeza chumvi kidogo kidogo mpaka aone utando wa ndani unaanza kujibandua kutoka kwenye ukuta wa seli. Mimumunyo miwili tofauti ikifika kwenye hatua ileile ya kujibandua, akaiita isotoniki. Yaani seli ndo ilikuwa mizani yake. Na akatoa namba kwa kila aina ya kitu, akaiita kigezo cha isotoniki, chumvi ya potasiamu naitreti akaipa 3, sukari ikatoka karibu na 2. Kwanini chumvi inazidi sukari wakati umeweka idadi ileile ya molekuli? Hakuna aliyejua vizuri wakati ule.

De Vries alikuwa Amsterdam, na Amsterdam hiyohiyo alikuwepo van 't Hoff, mwanakemia, na de Vries ndo aliyemweleza mwenzake vipimo vya Pfeffer, mtu mwingine wa mimea, vya msukumo wa osimosisi, yaani ule wa maji kupita utando kwenda kwenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Van 't Hoff akaona msukumo huo unafuata hesabu ileile ya gesi, na mwaka 1901 akapewa Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa. Ile chumvi kuzidi sukari ikaja kueleweka kwa kuwa chumvi ikiingia kwenye maji inagawanyika vipande viwili na kila kipande kinahesabika peke yake. Sukari haigawanyiki.

Nimeweka hii kwenye bango kwa namba ambazo mtu anaweza kuzifuata mwenyewe kwa kalamu. Gramu 9 za chumvi ya mezani kwenye lita moja ni milimoli 154 (milimoli ni namna ya wanakemia ya kuhesabu molekuli), lakini kila moja inatoa sodiamu na kloridi, kwa hiyo vipande 308. Glukosi haikatiki, ukitaka ufike karibu na hapo unahitaji gramu 50 kwenye lita, inatoa 278. Gramu 9 dhidi ya gramu 50, kazi karibu sawa. Hapo watu wanasimama, nimejaribu kwa majirani wawili watatu.

Jumatano, sista

Nilienda kumwona sista mmoja anayeishi nyuma ya soko, amefanya kazi wodi miaka mingi, nikamwonesha glasi zetu kwenye simu. Akaangalia akasema, "Ndugu yangu, hiyo glasi ya tisa ndo dripu yetu ile." Ndo hivo. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, gramu 9 kwenye lita. Hamburger, Mholanzi mwingine, ndo aliyefanya kwenye chembe nyekundu za damu kile ambacho de Vries alifanya kwenye majani, miaka hiyohiyo ya 1880, akaona chembe za mnyama anayenyonyesha zinakaa vizuri karibu na hiyo 0.9. Ukitia chembe kwenye maji matupu zinavimba zinapasuka, ukitia kwenye chumvi kali zinanyauka zinakunjamana. Chura hatumii 0.9, yeye yuko chini kidogo, kama 0.65. Hii nimeisisitiza sana kwenye bango kwa kuwa watu wanadhani isotoniki ni tabia ya maji yenyewe, kama vile utamu. Sio. Maji yaleyale ni isotoniki kwa damu yako na hayatoshi hivo kwa kiazi na yanamzidi chura. Ukisikia mtu anasema hii ni isotoniki muulize, na nani?

Sista akanipa mbili ambazo sikuzitegemea. Ya kwanza ni dripu ya sukari, glukosi asilimia 5. Ndani ya mfuko iko sawa na damu karibu kabisa, ndo ile 278, chembe haipasuki. Lakini mwili unaichukua glukosi unaitumia, na baada ya muda kilichobaki ni maji, kwa hiyo kwenye mwili inaishia kuwa kama umempa mtu maji matupu. Ndo maana daktari hakupi tu ile anayoipata karibu. Mwalimu wa kemia alivosikia akaongeza ya yurea, kwamba ukitengeneza mmumunyo wa yurea wenye idadi ya vipande sawa na damu, kwenye karatasi uko sawa, lakini chembe nyekundu zitapasuka tu, maana yurea inapenya utando inaingia ndani na maji yanaifuata. Kuwa na idadi sawa sio kuwa isotoniki, kinachohesabika ni kile ambacho hakipiti utando. Hapo wenzangu wawili walisema hii ni ngumu mno kwa bango. Mi naiacha, hata kama ni mtu mmoja tu ataisoma.

Ya pili ni ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti ya mtu anayeharisha. Kila mama hapa Walukuba ameshaikoroga, pakiti kwenye lita moja ya maji safi, na wote tunadhani ni isotoniki. Zamani ilikuwa karibu, jumla ya vipande 311 kwa hesabu ileile ya bango. Mwaka 2002 WHO na UNICEF waliishusha ikawa 245, sodiamu 75 na glukosi 75, kwa makusudi iko chini ya damu, kwa sababu utumbo unanyonya vizuri zaidi na watoto wachache wanaishia kuhitaji dripu. Soda kwa upande mwingine iko juu sana, sukari yake ni nyingi, mtoto anayeharisha ukimpa soda unavuta maji kuyaingiza kwenye utumbo, inazidi kuwa mbaya. Sista alisema nisisahau kuiandika hiyo kwa herufi kubwa kuliko zote. Imeandikwa.

Alhamisi, mkono

Jamaa wa gym sasa. Yeye ana haki yake kabisa. Adolf Fick, Mjerumani, aliyafanya haya ya misuli miaka hiyohiyo ya 1880, kama vile wote waliambizana. Alikuwa anafanya kazi na msuli wa chura uliotolewa, umefungwa kwenye wenzo mdogo. Ukiuzuia msuli usifupike hata kidogo halafu ukaushtua, unakaza tu, urefu ni uleule, hiyo isometriki. Ukiuachia ufupike huku unavuta mzigo uleule mwanzo mpaka mwisho, mkazo haubadiliki, hiyo isotoniki. Na alikuwa mjanja, uzito aliuning'iniza karibu kabisa na ekseli ya wenzo, ili msuli ukivuta haraka uzito usirukeruke.

Huo ujanja ndo tumeutengenezea kituo. Tulienda Masese, kwenye mwalo wa samaki, asubuhi wakati mukene, yaani dagaa, imeshaanikwa na wauza samaki hawana haraka, tukaazima mizani ya kuning'iniza, ile ya sahani na mshale mwekundu. Tumening'iniza jerikeni ndogo ya lita 5 chini yake, mtu anashika juu ananyanyua. Ukinyanyua polepole kabisa mshale unakaa kwenye 5. Ukinyanyua kwa kushtua mshale unaruka, unapita 7, afu ukisimamisha mkono ghafla juu unashuka unakuwa kama jerikeni imepoteza uzito, na mizani inaanza kucheza juu chini. Watoto wa Masese walijaa pale kila mmoja anataka kurusha mshale, na mwenye mizani akaanza kuuliza lini tunairudisha.

Kwa hiyo jibu kwa jamaa wa gym, ambalo hakulipenda, ni kwamba kunyanyua chuma kwenye gym ni isotoniki ya mazungumzo tu. Mzigo haubadiliki lakini mkazo wa msuli unabadilika njia nzima. Mwalimu alipiga hesabu kwenye ubao. Msuli wa mbele wa mkono umejishika kama sentimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kiwiko, na kiganja kiko mbali, kama sentimita 35. Ukishika lita 5 kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba msuli unavuta kama kilo 35 au 40. Mkono ukining'inia umenyooka, karibu hakuna. Ukikunja mpaka begani, unapungua tena. Sasa mkazo ulio sawa uko wapi hapo?

Jamaa akajibu, na alikuwa na hoja, kwamba kwenye gym wanatofautisha vitu viwili, kushika bila kusogea na kusogeza, na wanahitaji jina kwa kila kimoja basi. Fick alikuwa na chura, wao wana watu. Tumekubaliana bango liseme yote mawili, maana ya maabara na maana ya gym, na kwamba kwenye kusogeza kuna kufupika unaponyanyua na kurefuka unaposhusha, na kule kushusha ndo kunakoacha maumivu siku ya pili. Hiyo wote wanaijua kwa kuchimba mashamba.

Kituo kinatumia kapi pia. Kamba inapita juu ya kapi, upande huu ndoo, upande huu mkono, na unavuta moja kwa moja bila kukunja kiwiko, kwa kurudi nyuma. Hapo mkazo kwenye kamba ni uleule umbali wote, ukienda taratibu. Hiyo ndo karibu na ya Fick kuliko yote tuliyoweza.

Jumamosi, Kampala

Safari ya makumbusho. Teksi kutoka Jinja, Mabira, foleni ya Mukono ambayo sitaielezea. Makumbusho ya Uganda yalianza 1908, kwenye ngome ya Lugard pale Old Kampala, na yakahamia Kitante mwaka 1954, na miaka hiyo msimamizi wake alikuwa Klaus Wachsmann, mtu wa muziki. Ndo maana chumba cha ngoma na vinubi pale kina uhai. Wachsmann alikuwa na kifaa cha kupimia sauti kwa taa, na mwaka 1950 aliandika kwenye jarida la Nature kuhusu ennanga, kinubi cha Waganda, kwamba nyuzi zake zimetuniwa kwa hatua sawa. Nature! Jarida la fizikia na biolojia, wakaweka kinubi cha Buganda. Mwalimu wa kwaya alitembea kifua mbele siku nzima.

Hesabu yake ni hii. Oktavu, yaani kutoka sauti moja mpaka pacha wake wa juu, ni mitetemo mara mbili. Wanamuziki wanaigawa oktavu senti 1200. Piano inaikata vipande 12 sawa, kila kimoja senti 100. Ennanga na amadinda, marimba ya Waganda, zinaikata vitano, na ukivifanya sawa kila kimoja ni senti 240. Tukianza na mitetemo 200 kwa sekunde, sauti zinafuata 229.7, 263.9, 303.1, 348.2, na 400. Angalia kwamba tofauti za namba haziko sawa, ya kwanza ni karibu 30 na ya mwisho karibu 52. Kilicho sawa ni kuzidisha, kila mara unazidisha kwa 1.1487. Sikio linasikia kuzidisha, halisikii kujumlisha. Mtu yeyote akibisha hapo apewe simu yenye programu ya kutoa sauti, ajaribu kuongeza 40, 40, 40, 40, 40 kutoka 200 mpaka 400, atasikia hatua zinabanana kadiri anavyopanda.

Mwalimu wa kwaya alikuwa na tatizo lake humuhumu. Maisha yake yote ni do re mi fa so, na kwake toniki ni do, nyumbani kwa wimbo. Akawa anataka tuandike isotoniki ni nyimbo zenye do moja. Hapana Mwalimu. Na tukakuta mtu mwingine kwenye kikundi anadhani inahusiana na maji ya toniki, yale machungu ya kwinini. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kigiriki, kitu kilichovutwa kikakaza kama uzi wa kinubi, ila watoto wa mzizi huo wametawanyika na kila mmoja ana nyumba yake sasa. Sentensi moja kwenye bango, inatosha.

Jumanne, embaire

Hii siku ndo iliyonifanya niuone mradi vizuri. Amadinda ni ya Buganda, lakini sisi tuko Busoga na Busoga kuna embaire, marimba makubwa ya vibao vya gogo vinavyolazwa juu ya migomba miwili, na chini yake linachimbwa shimo ili sauti itoke tumboni mwa ardhi. Watu wanakaa pande zote mbili, sita, saba, mpaka nane, wanapiga kwa pamoja. Tulienda kwa mzee mmoja upande wa Iganga ambaye anachonga.

Alikuwa na kibao kipya cha musambya. Anakipiga na rungu dogo, anakiweka sikioni, anapiga kile cha jirani, anarudi. Hakuwa na simu wala namba. Sauti ikiwa juu mno anakigeuza anachonga kidogo katikati upande wa chini kwa tezo, vipande vyembamba kama vya kucha, na sauti inashuka. Ikiwa chini mno anachonga kwenye ncha, na sauti inapanda. Nilimuuliza, "Mzee, kwanini katikati inashusha?" Akaniambia, "Mwanangu, katikati ndo panapocheza. Ukipapunguza panalegea." Na ndo fizikia yenyewe, ukipunguza unene wa katikati ubao unapinda kirahisi zaidi kwa hiyo unatetema polepole, ukipunguza ncha umepunguza uzito wa kubebwa kwa hiyo unatetema haraka.

Tukapima vibao vyake kwa simu, kwa ruhusa. Hatua hazikuwa 240 kamili. Moja fupi, inayofuata ndefu, zote zinazunguka hapohapo na hakuna iliyofanana na hatua ndogo ya piano wala na ile kubwa ya do mpaka mi. Mwalimu wa kwaya akasema basi sio sawa, hii sio isotoniki. Mi sikukubali. Nikamwomba mzee apige wimbo uleule kuanzia kibao cha jirani. Akaupiga. Akahamia kingine, akaupiga tena. Bado ni wimbo, unaujua ni ule, umevaa nguo nyingine tu. Wapigaji wa amadinda kule Buganda wana jina kwa huo uhamishaji, miko, na ipo mitano kwa sababu sauti ni tano. Hilo haliwezekani kama hatua zako hazijakaribiana. Kwenye piano ukitumia zile nyeupe peke yake ukahama kibao kimoja, wimbo unageuka huzuni au unaharibika.

Yaani usawa hapa unapimwa kwa kazi. Usawa wa kiazi ni mizani kutobadilika. Usawa wa msuli ni mshale kukaa palepale. Usawa wa embaire ni wimbo kuhama na kufika salama. Sikupata njia bora ya kuusema, na nadhani kwenye bango utakuja kama nilivouandika hapa, kwa maneno haya haya.

Usiku huohuo, mezani

Mwalimu wa kemia aliposoma hiyo aya alinyamaza kidogo akasema inapungukiwa kitu. Sawa na nini? Akachora nguzo tatu. Kwenye glasi kuna vitu viwili, mmumunyo na seli, na usawa ni kati ya viwili hivyo kwa wakati mmoja. Kwenye msuli kuna kitu kimoja, na usawa ni wake na yeye mwenyewe, sasa na sekunde ijayo. Kwenye marimba kuna vitu vingi vimepangwa mstari, na usawa sio wa vitu, maana kila kibao kina sauti yake, ni wa nafasi kati ya jirani na jirani. Neno moja lakini ukiuliza nani yuko sawa na nani unapata majibu matatu ambayo hayawezi kubadilishana. Nilimwambia andika hivohivo, acha lugha ya kitabu. Akaandika.

Akataka pia tuongeze ya nne. Kwenye kemia ya viini kuna isotoni, atomi zenye idadi sawa ya nyutroni lakini protoni tofauti, kwa mfano boroni 12, kaboni 13 na naitrojeni 14, kila moja ina nyutroni 7. Guggenheimer ndo aliyelitengeneza jina hilo mwaka 1934 kwa kuchukua neno isotopi akatoa p ya protoni akaweka n ya nyutroni. Kwa hiyo hiyo haina undugu na zile tatu, imefanana sura tu. Ni utani mzuri wa mwanakemia. Tumeiacha nje ya bango, mezani hakuna cha kushika, na watu wataanza kutafuta kamba inayoiunganisha na nyingine wakati haipo. Mwalimu alikasirika kidogo, tukampa kona ya karatasi chini kabisa, herufi ndogo.

Yaliyobaki

Mizani ya Masese inarudi Alhamisi kwa mwenyewe, kwa hiyo jamaa wa gym ametafuta ya mchele kwa siku ya maonesho. Viazi vinunuliwe asubuhi ileile, sio siku moja kabla, kiazi kilichokaa kinaanza kupoteza maji chenyewe na glasi ya katikati inahama. Chumvi ipimwe kwa mizani, sio kijiko, nimeshamwona mtu na kijiko. Tishu za kutosha, maana kipande chenye maji juu kinadanganya uzito.

Embaire nzima haiji, shimo hatuwezi kuchimba kwenye ukumbi. Mzee ametukubalia vibao sita, sauti tano na pacha wa juu, tutavilaza juu ya vipande viwili vya mgomba kwenye sakafu, na ndoo za plastiki zilizogeuzwa chini yake tuone kama zinasaidia. Amesema atakuja mwenyewe kwa kuwa haamini kutuachia rungu. Nauli yake na chakula viko kwenye bajeti, mwenye pesa za kikundi tafadhali usiseme hujaona.

Sista atasimama kwenye kituo cha glasi kuanzia saa nne. Maneno ya ORS na soda yamechapwa. Mwalimu wa kwaya bado anataka kuleta kinanda ili aoneshe senti 100, nimemkubalia kwa masharti kwamba kikae upande wa pili wa meza na kisipigwe wakati mzee anapiga.